Lami Juu ya Mzee Elkana

Inasimuliwa, na Mola ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika bandari moja ya makoloni ya Marekani, zama zile mfalme wa Uingereza alipowatoza watu ushuru bila kuwataka shauri, aliishi mja mwema aitwaye Demba, mtu wa Futa, nchi ya Afrika Magharibi, aliyetekwa akauzwa ng'ambo. Utumwa haukumpokonya sala zake wala ulimi wake wa kweli.

Bwana wake, Pruitt, aliuza molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Molasi ya visiwa vya Wafaransa ilikuwa rahisi, lakini mfalme aliitwisha ushuru mzito. Basi Pruitt, kama wenzake, akaiingiza kwa magendo.

"Mfalme anakula jasho letu!" alilalama kila siku. Demba, ambaye jasho lake halikuwa na ujira, alisikiliza huku akiviringisha mapipa.

Siku moja afisa wa forodha aliingia ghalani akamkuta Demba peke yake.

"Mapipa haya yametoka kwa Wafaransa?"

"Siwezi kusema uongo, bwana. Ndiyo."

Shehena ikakamatwa, mji ukafura. Nani kasema? Shuku ikamwangukia Mzee Elkana, fundi viatu jirani, kwa kuwa alionekana akizungumza na afisa yule, na kumbe alikuwa akimpima kiatu tu. Watu wakamburura hadi uwanjani wamwagie lami, adhabu waliyowapa wasaliti.

Demba alizisikia kelele. Alijua neno lake moja lingemwokoa mzee, lakini kwa kuhofu mjeledi akabaki nyuma ya mlango akileta istighfari. Alipojikaza akatoka mbio akipiga ukelele, "Mwacheni! Aliyesema ni mimi!", mzee alikwisha kumwagiwa lami ya moto.

Pruitt alimchapa hata mkono ukamchoka. Demba hakulalamika. Kila alipopata nafasi alikwenda kumbandua mzee lami kwa mafuta, taratibu, na ngozi ikitoka nayo.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, Demba. Ulisema kweli."

"Nilichelewa."

 Majira ya baridi yalipokwisha, mzee alikuwa amekwisha kuzikwa.

Baadaye makoloni yakamwasi mfalme. Watu wakasema ushuru ndio uliowasha moto, na hawakukosea. Elkana hakutajwa na yeyote, ila Demba katika dua zake, mpaka uzeeni.

Enyi ndugu, dhuluma ya mkubwa haituhalalishii kumdhulumu jirani. Na kweli ni amana: anayeikawiza humwachia mwingine maumivu. Mola atujaalie kuitamka ingali inafaa.