Baraza Lililogeuka Fremu

Ukiuza baraza, usiulize habari. Nimewasikia mkimrushia jirani neno hilo kwa kuwa alichelewa kujua harusi ya mtaani, mkacheka, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Kaeni basi. Chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwepo, ingawa sipendi kukisimulia. Ilikuwa hivi.

Mtaa wa Mikoche, nyuma ya soko kuu, ulikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili za vyumba sita. Nyumba ya Mzee Pazi Mwinyimkuu ilikuwa na baraza refu la saruji nyekundu, lenye kivuli tangu adhuhuri. Hapo ndipo mjomba wangu Kondo alipokaa miaka thelathini akishona kofia za viua, na Mzee Pazi, mstaafu wa bandari, kando yake akifanya kazi ya kuongea. Mtu akifiwa, akijifungua, akiuguliwa, habari ilipita barazani kwanza. Kabla chai haijapoa, mtaa mzima umeshajua.

Kisha soko likapanuka. Nyumba zikaanza kuvunjwa moja moja na maghorofa yakaota. Tajiri mmoja akamjia Mzee Pazi: wewe una kiwanja, mimi nina pesa za kujenga. Chini maduka, juu makazi, na mzee apewe nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya nne. Mzee akakubali, wala simlaumu kwa hilo. Bati lilikuwa linavuja na mwanawe alikuwa ameoa. Kosa lilikuja ramani ilipoletwa. Mzee aliomba baraza liachwe mbele. Tajiri akamwambia baraza linakula nafasi ya fremu mbili za maduka, tena za mbele, ambazo wapangaji hugombania. Likiondoka, na ngazi zikipelekwa uchochoroni, atamwongezea chumba cha tatu.

Mjomba Kondo alikuwa palepale, sindano mkononi.

"Pazi, waachie watu pa kukaa."

"Niache chumba cha wajukuu zangu kwa ajili ya pa kukaa? Baraza halizai, Kondo."

"Halizai, lakini linalea. Na hilo ghorofa lako mimi sitalikanyaga."

Mjomba akakunja kitambaa chake akaenda kushonea uani kwake, nyumba ya nne kutoka hapo. Mzee Pazi akatia sahihi. Tangu siku hiyo wazee wale wawili hawakusemezana.

Jengo lilikwisha kwa mwaka na nusu. Chini zilikaa fremu kumi na mbili za viatu, mapazia na masufuria, kila moja na spika yake inayoita wateja. Juu, nyumba nyingi ziligeuzwa stoo za mizigo, maana mwenye duka hulipa kuliko mwenye watoto. Lifti iliyoahidiwa ilibaki shimo. Mzee Pazi, magoti yamemchoka, akawa hashuki. Aliswali ndani, akala ndani. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya mikoani, na mkwewe, mgeni wa mji, hakumjua mtu mtaani. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za matajiri.

Mwaka uliofuata mjomba akaugua mapafu. Siku ya nane maneno yakaanza kumtoka kwa shida, na alilolirudia lilikuwa moja.

"Niitieni Pazi. Nataka tusameheane kabla sijaenda."

Mama yangu, ambaye ni dada yake, akanituma mimi. Ilikuwa saa nane mchana.

Nilipofika sikujua mlango uko wapi. Pale palipokuwa na baraza palikuwa na viatu kutoka chini mpaka juu. Nikaingia fremu ya kwanza.

"Samahani kaka, namtafuta Mzee Pazi."

"Anauza nini?"

"Hauzi kitu. Anakaa hapa. Hiki kiwanja ni chake."

"Dada, mimi hapa namjua mwenye mapazia na mwenye masufuria. Huyo simjui."

Nikaingia ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili. Nikasimama barabarani nikaliita jina lake, spika zikalimeza. Mwishowe mlinzi akanionyesha ngazi za uchochoroni, lakini geti lilikuwa na kufuli kwa kuhofia wezi wa mizigo, na kila mkazi ana ufunguo wake. "Mimi nalinda stoo," akaniambia, "watu wa juu siwajui." Niligonga lile geti mpaka viganja vikaniuma. Niliporudi nyumbani alasiri, mama alikuwa ameshamfumba mjomba macho.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Jeneza lilipita katikati ya maduka, wauzaji wakapunguza sauti kidogo, kisha wakaongeza. Katika pilikapilika za msiba kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwisha kumwambia Mzee Pazi. Hakuna aliyemwambia. Aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku mbili baada ya kuzika, tukiwa kwenye hitima, mzee akaja akishika ukuta. Mkwewe alikuwa amesikia kwa muuza nazi kwamba mshona kofia amefariki. Akasimama mlangoni.

"Kondo mmemzika lini?"

"Juzi, kaka Pazi," mama akajibu.

"Juzi nilikuwa dirishani. Niliona jeneza likipita. Nikasema innalillahi, maskini, sijui ni nani huyo. Nikarudi kukaa."

Nikamweleza nilivyozunguka fremu zote kumi na mbili, na jinsi mjomba alivyomwita mpaka mwisho ili wasameheane. Nilidhani namfariji. Kumbe nilikuwa namchoma, kwa sababu alijua kila mlango nilioingia ulikuwa wapi na nini kilikuwa hapo zamani.

Mama akaanza kumwomba msamaha, kwamba ilitupasa tutafute njia nyingine. Mzee akamzuia kwa mkono. Alilolisema hapo ndilo lililotoka na watu wa hitima likaenea mjini. Ninyi mnamrushia mwenzenu. Yeye alijirushia mwenyewe, mzee mzima, machozi yakimshuka mbele ya watoto.

"Usiniombe radhi, Mwajabu. Hakuna aliyenificha kitu. Ukiuza baraza, usiulize habari."