Tawi la Kwanza la Tumbawe la Bwana Twaha

Sogeeni karibu, ila msinikodolee macho. Kisa nitawapa mimi, hukumu mtanipa nyinyi.

Hapa mtaani wako watu watatu wenye vipawa. Wifi yangu Mwanamize ana macho: hupeta mchele wa sherehe nzima na halimponyoki jiwe. Shemeji yangu Hamdu ana pua. Akipita njiani hukwambia nyumba ipi imezidisha iliki. Jirani yetu Mwatime, mshona kofia, ana mikono isiyotetemeka. Wa nne ni mimi, mama Raya. Mimi nina ulimi, na kwa siku saba niliulaza.

Mume wangu Twaha ana tangi la kioo sebuleni, lenye maji ya chumvi, taa na samaki wawili. Miaka miwili aliyatunza maji yale ili yaweze kulea tumbawe. Mwishowe rafiki yake Badi, anayekuza matumbawe nyumbani kwake, akamkatia kijitawi. Twaha alikipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake tulikuwa na wageni wa posa ya binti yetu Raya. Nikalitazama lile tumbawe, limejaa ute. Nikajisemea, wakwe wataona nyumba hii chafu. Twaha hayupo. Nikalitoa, nikaliosha kwa maji ya bomba, nikalisugua kwa dodoki, nikalinyunyizia na marashi, kisha nikalirudisha. Sikujua kwamba ule ute ndio nguo yake.

Posa ikakubaliwa. Tumbawe likaanza kufa: vidomo vyake vikajifunga, ncha zikawa nyeupe. Twaha akaamini kuwa Badi amempa tumbawe gonjwa. Akampigia simu mbele yangu, akamwita mnafiki, akakata. Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nikaendelea kumenya.

Twaha akaapa: likifa, tangi linatoka, likipona, tawi la kwanza litakalochipua ni la aliyeliponya.

Mwanamize akainama kiooni. "Kaka, acha kutia dawa. Huu si ugonjwa, ni mikwaruzo. Huoni ilivyojipanga mistari?" Twaha akaacha dawa, ambayo ingelimaliza kabisa.

Hamdu akafunua mfuniko, akavuta pumzi. "Maji haya yananukia harusi! Kuna marashi humu." Wakabadilisha nusu ya maji, wakaning'iniza mfuko wa mkaa wa kuchujia.

Siku ya saba akaja Mwatime na mkasi wake mdogo. Akaushika, lakini hakukata. "Kama limeoza ndani, nakata mpaka jiweni lilikoshikizwa. Kama limeungua juu tu, natoa ncha. Nikikosea, ndiyo basi. Nani anajua limepatwa na nini?"

Uso ukaniwaka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Nililiosha," nikasema. "Kwa maji ya bomba na dodoki. Badi hana kosa. Ni mimi."

"Basi ni juu tu," Mwatime akasema. Akatoa ncha tatu, akalisogeza chini penye kivuli, na kila siku akaja kulilisha tone kwa tone kwa bomba la sindano.

Twaha hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alitoka uani na simu yake, akampigia Badi mara nne. Badi hakupokea.

Ni miezi mitano sasa. Tumbawe limechanua, na tawi lake la kwanza limekatwa jana. Limo kwenye bilauri ya maji ya chumvi, mezani.

"Bila macho yangu, dawa ingeliua," alisema Mwanamize.

"Na bila pua yangu, marashi yangeliua," Hamdu akajibu.

Mwatime alitabasamu. "Mikono haina maneno. Ila iliyolilisha ni hii."

Twaha akasema taratibu, "Bila neno la mama Raya, mkasi ungekata pasipofaa."

Wifi akaguna. "Ehe! Aliyewasha moto apewe zawadi kwa kuonyesha kiberiti?"

Moyoni nilikuwa upande wake. Badi hajakanyaga kwetu mpaka leo.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, tawi ni moja tu. Mngempa nani: mwenye macho, mwenye pua, mwenye mikono, au mwenye ulimi uliochelewa? Na atakayesema ni langu, aniambie pia nilipokee kwa uso gani.