Fisi Aliyehakiki Misiba

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Chuo!
Chuo cha nani?
— Cha wenye matumbo!
Na ninyi mlikuwa nani?
— Wenye mitihani!
Basi sogeeni. Hadithi hii haina kicheko kingi, na kile kidogo kilichomo ni cha Fisi.

Zamani wanyama walijenga chuo kikuu. Kilikuwa na maktaba, kilikuwa na kumbi, kilikuwa na mwongozo wa kozi mnene ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuumaliza. Tena kilikuwa na ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wenye shida. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nzuri: HAUKO PEKE YAKO. INGIA TUONGEE.

Sasa, wanafunzi ni wanafunzi. Kila ukifika msimu wa mitihani, bibi zao walikufa kwa wingi. Wengine walikufa kweli, wengine walikuwa nyumbani wanatwanga zao. Wakubwa wa chuo wakakereka. Wakaketi, wakanywa chai, wakaandika sheria ukurasa wa mwisho wa mwongozo: mwanafunzi atakayekosa mtihani kwa sababu ya msiba, amlete marehemu ahakikiwe.

“Nani atahakiki?” wakaulizana. Kila mmoja akatazama pembeni. Kazi ya kushinda na maiti nani anaitaka?

“Mimi,” akasema Fisi. “Nina moyo wa kusaidia vijana.”

Wakampigia makofi. Wakampa ofisi, wakampa muhuri, wakampa cheo: Mshauri wa Wanafunzi. Mnacheka nini? Kwani kwenu wanachaguliwaje?

Swala akafiwa na baba. Akambeba, akagonga mlango, ko-ko-ko! Fisi akasema, “Pole sana, mwanangu. Muache hapa, ungoje nje. Ni utaratibu.” Mlango ukafungwa. Ndani kukasikika kacha! kacha! kacha! Kisha kimya. Kisha muhuri, pa! Fisi akatoka anajipangusa mdomo. “Ruhusa umepata. Utafanya mtihani maalumu.”

Ngiri akafiwa na shangazi. Akambeba, akagonga, ko-ko-ko! “Pole sana, mwanangu. Muache hapa, ungoje nje. Ni utaratibu.” Kacha! kacha! kacha! Pa! “Ruhusa umepata.”

Na wengine, na wengine. Walikuwa wanajua? Walikuwa wanajua. Masikio wanayo. Lakini kila mmoja alitoka na karatasi yenye muhuri, akaikunja, akaenda kusoma. Inaniuma kusema hivyo, lakini ndivyo walivyofanya.

Basi alikuwepo Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, wa mwaka wa kwanza. Pimbi hakuwa na baba wala mama. Alilelewa na bibi yake juu ya jiwe kubwa, kule wanakokaa pimbi wote. Asubuhi kukiwa na baridi, bibi alimkumbatia wakaota jua pamoja. Bibi ndiye aliyesema, “Nenda chuo, mjukuu wangu. Mimi nitakungoja hapahapa.”

Hakungoja. Asubuhi ya mtihani wa kwanza wa Pimbi, habari ikaja kwamba bibi amefariki. Pimbi akakimbia jiweni, tii-tii-tii. Akakuta wazee wameshaanza kuchimba kaburi.

“Mnivumilie kidogo,” akawaambia. “Chuo kinataka kumwona. Nitampeleka nimrudishe.”

“Chuo kinataka kumwona bibi yako afanye nini?” wazee wakauliza.

“Ni utaratibu.”

Wazee hawakusoma, wakamwachia. Pimbi akamfunga bibi mgongoni kwa kanga yake ileile ya siku zote. Akashangaa alivyokuwa mwepesi.

Ko-ko-ko!

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba, binti. Loo, pole sana, mwanangu. Muache hapa, ungoje nje. Ni utaratibu.”

Kacha. Mara moja tu. Bibi alikuwa mdogo. Pa!

Fisi akatoka. Mkono mmoja karatasi, mkono mwingine kanga, ameikunja vizuri kabisa.

“Dokta, bibi yangu yuko wapi?”

“Amehakikiwa.”

“Nataka nikamzike. Kaburi liko wazi, wazee wananingoja.”

“Mwanangu, uthibitisho ukishapokelewa haurudishwi. Soma mwongozo, ukurasa wa mwisho, chini kabisa. Una jambo jingine? Ofisi hii ipo kwa ajili yako.”

Pimbi akasimama pale na kanga mkononi. Mtihani maalumu ulikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Lakini hakufikiria mtihani. Alifikiria lile kaburi, na wazee wamekaa kandokando yake, na yeye anapanda jiwe mikono mitupu. Alilia mpaka akachoka. Alipochoka kulia, akawafuata Swala na Ngiri na wafiwa wote, akawauliza swali moja.

“Ndugu zenu wako wapi?”

Wakainamisha vichwa.

“Semeni. Wako wapi?”

“Wako tumboni mwa Fisi,” Swala akasema taratibu.

“Basi tumbo lile ndilo tutakalozika. Mnakuja au hamji?”

Wakatazamana. Wakasema wanakuja.

Pimbi akaenda kwa Fisi. Ko-ko-ko!

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba, binti. Umefiwa tena?” Fisi akameza mate.

“Sijafiwa. Nimekuja kwa ajili yako. Umesikia kwamba Chui anakuja Jumatatu?”

“Chui gani?”

“Chui, mtahini wa nje. Si ndiye anayekuja kukagua kama mitihani yetu imeendeshwa kwa haki? Safari hii anakagua na ruhusa. Anataka kuona kwa macho yake kila marehemu uliyempokea.”

Fisi akatazama tumbo lake. Tumbo likalia, nguru-nguru.

“Marehemu wote… wamehifadhiwa,” akasema.

“Wapi, Dokta?”

“Mahali salama.”

“Mweleze Chui hivyo. Ila Chui akikosa anachokitafuta, huchukua kilicho karibu.”

Fisi akaanza kutetemeka, miguu ya mbele inakwenda huku, miguu ya nyuma inakwenda kule. “Mwanangu, nifanyeje? Nishauri!”

Mnaona? Mshauri naye anatafuta mshauri.

“Lala hapa mezani,” Pimbi akasema. “Nikuvishe sanda. Chui akiuliza marehemu wako wapi, nitamwonyesha. Mwili mkubwa kama wako unawatosha wote. Halafu sisi wafiwa tutaubeba twende tukazike, naye atatufuata aone. Wewe usitikisike. Chui akishaondoka, mimi mwenyewe nitakwambia uamke.”

“Utaniambia kweli?”

“Chui akishaondoka, nitakwambia. Naapa kwa bibi yangu.”

Fisi akafikiri. Kisha akauliza, “Na chakula cha msiba kitakuwepo?”

“Kitakuwepo.”

“Basi nivishe.”

Jumatatu asubuhi Fisi akalala, akavishwa sanda, akafungwa vizuri kichwani na miguuni. Kengele ya mtihani maalumu ikalia, ngo! ngo! ngo! Pimbi akaisikia. Akatazama mlango wa ukumbi, akatazama ile sanda. Kazi ile isingeweza kungoja mpaka mtihani uishe saa sita. Akainua machela upande wake, na wenzake wakainua upande wao.

Pimbi akaanza kuimba, nao wakaitikia. Itikieni na ninyi: Twende!

Twendeni tukawazike!
— Twende!
Baba wa Swala ni humu!
— Twende!
Shangazi wa Ngiri ni humu!
— Twende!
Na bibi yangu ni humu!
— Twende!
Mlango wake ni meno!
— Twende, twende, twende!

Ndani ya sanda Fisi akanong'ona, “Pimbi, wanaigiza vizuri sana. Mpaka machozi nasikia yanadondoka.”

“Nyamaza, Dokta. Chui yuko nyuma.”

Hawakuwa wanaigiza. Swala alilia mpaka machela ikayumba. Tangu afiwe alikuwa hajapata nafasi ya kulia. Kila akitaka kulia, alikuwa na somo.

Wakafika jiweni. Kaburi la bibi lilikuwa dogo, Ngiri akalipanua kwa pembe zake. Wakamshusha Fisi, puu!

“Pimbi, mbona kuna baridi?”

“Ni chini kidogo, Dokta.”

“Chui ameondoka?”

“Bado.”

Udongo ukaanza. Pu! Pu! Pu!

“Pimbi, na huu udongo?”

“Ni utaratibu.”

“Chui ameondoka?”

“Bado hajaondoka, Dokta.”

Na kweli hakuondoka. Ataondokaje na hakuja? Hakuna mtahini yeyote aliyekuja, wala hajapata kuja chuoni pale kukagua misiba ya mtu. Pu! Pu! Pu! Sauti ikawa ndogo, ikawa ya mbali, ikaisha. Pimbi akatandika ile kanga juu ya kaburi, akaizungushia mawe isipeperuke. Wazee wakaomba dua. Bibi akawa amezikwa.

Mngependa tuishie hapo, eh? Hata mimi ningependa. Lakini hadithi haikunipa nafasi hiyo.

Kesho yake Pimbi akarudi chuoni, akaenda ofisi ya taaluma. Pale dirishani alikaa Kobe, karani anayefungua jicho moja asubuhi na la pili mchana.

“Ulikosa mtihani maalumu,” Kobe akasema. “Kwa nini?”

“Nilikuwa nazika.”

“Ulikuwa unamzika nani?”

“Bibi yangu.”

Kobe akapekua karatasi polepole. “Bibi yako alishatumika. Alihakikiwa wiki iliyopita, muhuri huu hapa. Hatumpokei tena.”

“Basi andika kwamba nilimzika Mshauri. Fisi amefariki.”

“Pole,” akasema Kobe. “Uthibitisho uko wapi?”

“Yuko kaburini.”

“Mlete.”

Pimbi akashika ukingo wa dirisha. Kumfukua Fisi ni kumfukua bibi. Ni kumfukua na baba yake Swala, na shangazi yake Ngiri, na wote waliolala humo. Nani atamtazama tena usoni?

“Siwezi,” akasema.

“Basi umedisko,” akasema Kobe, maana yake ni kwamba ameondolewa chuo, asirudi tena. Hakusema kwa ubaya. Alikwishafunga lile jicho moja.

Pimbi akapanda jiwe lake na begi mgongoni. Wazee wakampokea, hawakuuliza kitu. Alilala kando ya kaburi siku nyingi. Alikuwa amemshinda Fisi mzima, na kila asubuhi aliamka peke yake kwenye baridi.

Mwezi haukuisha, chuo kikapata Mshauri mpya. Walitafuta mwenye upole, mwenye kuinamisha kichwa mtu akilia, mwenye subira ya kusikiliza. Wakampata Tai. Mlango ukapakwa rangi upya.

Siku moja Pimbi akaona mtu anapita chini ya jiwe, anakwenda taratibu, amebeba mzigo mrefu uliofunikwa shuka.

“Swala!” akaita. “Unakwenda wapi?”

“Chuoni.”

“Na mzigo huo?”

Swala akasimama, lakini hakuinua macho. “Ni mama.”

Pimbi akateremka mbio, tii-tii-tii, akamzuia njiani. “Swala, unamjua Tai! Uliimba na sisi! Ulilia na sisi!”

“Niliimba, Pimbi.”

“Sasa?”

“Nina mtihani Ijumaa,” akasema Swala. “Wewe uliyekataa, uko wapi leo?”

Pimbi akasogea kando, Swala akapita. Alipofika mbali kidogo Pimbi akamwona anasimama, anaiweka sawa shuka upande wa miguu ya mama yake isije ikaburuta, kisha anaendelea.

Haya, fundisho. Fundisho ni kwamba mwanafunzi mwema husoma mwongozo wa kozi mpaka ukurasa wa mwisho, na hufiwa wakati wa likizo. Tena akiwa na shida asikae nayo moyoni, aende ofisini akasaidiwe, maana mlango uko wazi na mwenyewe hajala tangu asubuhi.

Nimesimulia?
— Umesimulia!
Mmesikia?
— Tumesikia!
Tamu yake gawaneni. Chungu yake nirudishieni, mimi nimeizoea.