Mbuzi wa Harusi

Wana usharika, msigeuze shingo kumtafuta mtu huyu kwenye benchi la jirani. Nimemtunga. Nimempa na jina, kwa kuwa mtoto ambaye baba yake hatajwi husahaulika upesi.

Elinaja Msangi alifanya kazi katika kiwanda cha magunia. Alipoachana na mkewe, mahakama ilimwamuru atoe matunzo ya binti yao, Namkunda, kila mwezi. Akatoa. Kisha kiwanda kikafungwa. Hakurudi mahakamani kusema, "Hali yangu imebadilika, nipunguzieni." Aliacha tu kutoa. Mama Namkunda alipomfuata, alimjibu akiwa mlangoni, "Nimeachishwa kazi. Nenda kakidai kiwanda."

Jumamosi moja Elinaja alikaa kwenye kamati ya harusi ya mpwa wa rafiki yake. Mwenyekiti akauliza nani anaongeza ahadi. Elinaja akasimama.

"Mbuzi mmoja. Beberu."

Wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Hana kazi, lakini hana mkono wa birika."

Makofi hayajaisha, mama Namkunda akaingia na kadi aliyoiandika mwenyewe, mfano wa zile za harusi. Akampa mwenyekiti, naye kwa mazoea akaisoma kwa sauti: "Unaombwa mchango wako ili kufanikisha malezi ya Namkunda Elinaja Msangi."

Mwenyekiti akaikunja kadi.

"Shemeji," akasema mwenyekiti, "hapa ni harusi. Mambo ya nyumbani yana mahali pake."

"Huko nimekwenda, mzee. Hukumu ninayo. Ila naona hukumu haipigiwi makofi."

Elinaja akasema, "Sina kazi, na wewe unajua."

"Najua. Na mbuzi?"

"Mbuzi nitatafuta."

"Basi tafuta hivyo hivyo. Leta debe la mahindi. Likikushinda, leta nusu yake. Ukikosa hata hiyo, njoo umchotee mwanao maji nikiwa shambani. Lakini usiniambie umeachishwa kazi, kana kwamba Namkunda ndiye aliyekuajiri."

Akavuta kiti, akaketi katikati yao. "Nasubiri ahadi."

Mnataka kujua aliahidi nini? Sitawaambia. Sikuja kwa ajili yake.

Nimekuja kwa ajili ya wale waliokaa naye. Wote walijua kiwanda kimefungwa. Nani alimuuliza mbuzi atatoka wapi? Na angechelewa kumleta, mweka hazina angempigia simu, angemvizia njiani, angemkumbusha kwamba ahadi ni deni. Kumbe kufuatilia tunajua. Kwa ajili ya pilau tunamfuata mtu mpaka kwake. Kwa ajili ya mtoto tunasema hayo ni mambo ya nyumbani, na mama akienda mahakamani tunamwita mkorofi.

Sisi tunaosali hapa, tusidanganyane. Aliyepoteza kazi apunguziwe. Hiyo ni haki yake, na aende akaiombe mbele ya hakimu. Lakini kupunguziwa si kufutiwa. Kiwanda kinaweza kumwachisha mtu kazi. Kiwanda gani kimewahi kumwachisha mtu ubaba?

Wiki hii mtakaa vikao vyenu. Kabla ya kumshangilia anayesimama kuahidi, muulizeni kwanza mwanae amekula nini.

Nilisema yule mtu nimemtunga. Makofi yale sikuyatunga.