Tangazo la Maziko Lililokuwa Sahihi

Tulieni kidogo, na msiitikie “Amina” kabla hamjaelewa.

Fundi mmoja alikuwa na tovuti ya matangazo ya misiba. Matangazo yalimjia yenyewe kutoka makanisa ya wilaya nzima. Wasomaji walipozidi, tovuti ikawa nzito, naye akafanya wanavyofanya mafundi: akaweka nakala. Ukifungua, unapewa nakala iliyokwisha kuandaliwa, upesi, bila kwenda kuuliza upya kanisani. Ila kwenye kompyuta yake mwenyewe aliizima hiyo kazi ya nakala, maana yeye alitaka kuona kila badiliko papo hapo.

Mama mmoja akafariki. Tangazo likasema anazikwa Jumamosi. Kanisa likabadilisha, ikawa Alhamisi. Mwanawe wa pekee, aliyefanya kazi mbali, akapigiwa simu na shangazi yake: “Alhamisi, mwanangu!” Akafungua tovuti: Jumamosi. Akafungua tena: Jumamosi. Akachukua namba ya fundi hapo kwenye tovuti, akampigia.

“Kaka, hilo tangazo la mama yangu ni sahihi? Shangazi ananichanganya.”

“Pole sana. Ninalo hapa mbele ya macho yangu. Ni sahihi.”

“Una hakika? Nataka kumtupia udongo kwa mkono wangu.”

“Wee, mimi sibabaishi watu! Fuata lilivyoandikwa.”

Akafuata. Jumamosi akafika na suti yake nyeusi, akakuta maturubai yamekunjwa na shangazi anasugua masufuria ya kuazima ayarudishe. Kaburi limeshaanza kukauka.

Sasa niambieni, nani alidanganya? Fundi alisema alichokiona: kwenye kompyuta yake iliandikwa Alhamisi. Mwana alisoma alichopewa: nakala ya zamani, Jumamosi. Nimehangaika nalo, natafuta wa kumkaripia, simpati! Wote wakweli, na mama kazikwa bila mwanawe. Inakuwaje?

Inakuwa kama sisi. Tunasema, “Mimi na jirani yangu yamekwisha, nilishamsamehe.” Ndiyo, kwako yamekwisha! Wewe unauona moyo wako ulivyo leo. Yeye bado anao ule uso uliomnunia mbele za watu. Umemfuata ukamwambia? Ama unangoja ajue mwenyewe? Akifa, utasimama kaburini uape kwamba ulishasamehe, nasi tutakuamini, maana ni kweli. Yeye atakuwa ameondoka akikuhesabu adui.

Ibada ikiisha, msipange foleni kunisalimia mlangoni. Mimi hamjanikosea. Nendeni kwake.