Jini Aliyebeba Vita vya Mahfudhi

Katika mji wa Shamsiya, enzi ya Sultani Badruddini bin Nasri, Mungu amrehemu, palikuwa na mpiga upinde aitwaye Mahfudhi, na vita vilipokwisha alibaki mzima wa mwili lakini usingizi ulimhama. Kila akifumba macho alisikia lango la mji likigongwa kwa nje, na sauti ya mchumba wake Salhina, binti wa mtia rangi nguo, ikimwita. Kwani siku adui walipowasili, amiri wa jeshi aliamuru lango lifungwe, na Mahfudhi alikuwa miongoni mwa waliolisukuma, na Salhina akabaki nje. Watu wote walisema ameuawa.

Sultani akamwonea huruma, akamtunukia pete ya akiki kutoka katika hazina yake. Mahfudhi alipoisugua, akatokea jini mrefu kama mnara, akainama, akasema, "Labeka, bwana wangu! Mimi ni Barkhuti, mtumwa wa pete. Amuru."

"Niondolee vita. Nimechoka."

"Naweza, bwana wangu, ila vita na yule binti vimeshikana moyoni mwako. Nikitoa kimoja, cha pili kitafuata."

Mahfudhi akaigeuza pete kidoleni. "Yeye amekwisha kufa," akasema. "Toa."

Tangu hapo akalala kama mtoto, akawa mcheshi, akilipita lango huku akipiga mluzi.

Kumbe Salhina hakufa. Alichukuliwa mateka hadi nchi ya mbali, akamuuguza bibi mmoja tajiri, na yule bibi alipokaribia kufa akamwacha huru. Akarudi Shamsiya nyayo zikiwa zimepasuka, akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Mahfudhi. Mahfudhi akafungua, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, bibi. Umepotea?"

Salhina akamtazama, akatambua kuwa hafanyi mzaha. "Naomba maji," akasema.

Majirani wakamhadithia habari za pete, naye akawasihi wasiseme neno, akahamia kwa shangazi yake. Mahfudhi naye hakukosa kisingizio cha kupita pale, leo na tende, kesho na kungumanga, hata siku moja akasema, "Sijui kwa nini, lakini nikikuona moyo wangu hutulia. Niridhie nikuoe."

Salhina akatamani kuitika, kwani ndilo neno alilolisubiri utumwani. Lakini machozi yakamtangulia. "Nakutaka, Mahfudhi, ila nakutaka mzima. Kuna majonzi uliyompa jini ayashike, na mimi nimo humo ndani. Ukiyarudisha yatakuumiza. Ukikataa, sitakulaumu."

Mahfudhi akaisugua pete. Barkhuti akatokea amekonda, macho mekundu.

"Bwana wangu," akasema jini, "hata mimi sijalala tangu uliponipa mzigo huu. Kila nikifumba macho namsikia akiita."

"Nirudishie."

Mara Mahfudhi akaanguka magoti, akapiga ukelele, akaziba masikio. "Salhina! Ni mimi niliyelisukuma!"

Salhina akaketi chini akakipakata kichwa chake. "Najua. Nilikuona katika upenyo wa mwisho, ukisukuma huku unalia, na walinzi nyuma yako wameshika panga. Sikukuita unifungulie, mpenzi. Nilikuita ili unisikie niko hai."

Mahfudhi akalia kilio alichokizuia tangu vitani, na Salhina hakumwambia anyamaze.

Sultani alipopata habari akawaozesha kwa karamu kubwa, akawapa bustani ya makomamanga na nyumba yenye kisima. Na Mahfudhi akamwacha huru Barkhuti, na jini akaenda zake kulala. Usiku mwingine Mahfudhi huamka akipiga kelele, na Salhina humshika mkono, humtajia jina lake na la mtaa wao, mpaka pumzi zimtulie.

Ndivyo walivyoishi, wasikilizaji wangu, na funzo lao ni hili: anayeteseka msimsahaulishe, kaeni naye. Nami maneno yangu yamefika mwisho, Mungu awape usingizi mwema.