Ungo wa Vioo

Waliokuwapo asubuhi ile kwenye ndiva, bwawa la kijiji huko milimani Upare, walikuwa hawa: Yonazi Mchome, mwenyekiti wa mfereji, Sefu Kiondo, fundi wa matofali, ambaye maharage yake yalikuwa chini kabisa ya mfereji, Nakiete Mbwambo, mjane, Elifasi Kajiru, na Namsifu, binti wa Kajiru, mfuga nyuki. Wengine walikuwa wapita njia.

Kajiru alikuwa na shamba la migomba katikati ya mfereji. Ndani ya shamba hilo wadudu walikuwa wameingia mizizini, wakatafuna hata kingo za mfereji mahali pale zikaoza na kuvuja. Wazee walikuwa wamekata shauri: shamba lote ling'olewe na kuchomwa, wadudu wasije wakashuka kwa majirani. Kajiru alikuwa na uvimbe kwenye ini, naye alijua kwamba hatapona. Hakuwa na kitu kingine cha kumwachia Namsifu.

Dawa ya wadudu ilikuwapo, tena kali. Mwaka uliotangulia waliimwaga ndani ya ndiva, kwa maana desturi ni kwamba kiingiacho ndivani hugawiwa sawasawa, na kila shamba likapata haki yake. Maharage ya Kiondo yalikauka. Mboga za mjane zilikauka. Wadudu, kwa kuwa walipata kidogo kama wengine wote, waliishi.

Sasa Namsifu alikuja na kikapu cha vidonge alivyoviringisha kwa mkono, vidogo kama punje za mtama: dawa ndani, nta laini nje. Alikuja pia na ungo, ambao ndani yake alikuwa amebandika vipande vya kioo, kimoja kando ya kingine.

Kiondo akaangua kicheko. "Jamani, Kajiru, binti yako kaleta ungo! Leo tutapepeta maji."

"Na apepete," akasema mjane, "mradi asitunyweshe tena ile ya mwaka jana."

Mchome hakucheka. Alisema kwamba kama ni dawa, basi igawiwe kila shamba kama maji yagawiwavyo, kwa sababu ndiva haina mtoto wa kambo. Kajiru alimtazama binti yake, akadhani atanyamaza, maana mwenyekiti hajibiwi penye maji. Namsifu aliinama kidogo kwa heshima.

"Maji ni haki ya wote, Mzee Mchome," akasema. "Dawa ni haki ya mgonjwa."

Mchome akafungua ndiva kwa mkono wake mwenyewe.

Namsifu akamwaga vidonge, navyo vikashuka na maji. Vilipita mashamba ya juu vikiwa vimefumba, visidhuru jani. Vilipofika penye kingo zilizooza, vingi vilipenya nyufa vikanasa matopeni, kando ya mizizi iliyoliwa. Hata hapo dawa ilikuwa bado imefungwa, na kivuli cha migomba kilikuwa kizito. Kajiru alichukua panga, akakata majani mapana aliyoyalea mwenyewe, ili jua lipate njia. Namsifu akasimama kwenye uwazi ule, akakusanya jua katika ungo, akalituma mahali pamoja. Nta ikayeyuka pale alipoelekeza, si kwingine. Shina moja likiisha alisogea kwenye jingine, kwa maana mwanga haufiki mbali, wala haujiongozi. Vidonge vilivyopitiliza, mjane alivichuja kwa kitambaa kabla havijafika kwa Kiondo, navyo vilikuwa vizima.

Mvua ziliponyesha, migomba ya katikati ilichipua upya, na mizizi yake ikawa haina tundu. Maharage ya Kiondo yalichanua. Kiondo alisimama kando yake akitikisa kichwa. "Mke wangu ana ungo miaka yote," akasema, "na kazi yake ni mchele tu. Tumeuonea ungo wa watu."

Siku ya kikao cha mfereji Kajiru alivaa koti lake la kanisani, akaketi mstari wa mbele. Mchome alitangaza kwamba shamba halitachomwa, akauliza tangu sasa liitwe la nani. Kajiru alisimama bila fimbo. Alitaja jina lote, polepole, mtu asije akakosea: Namsifu Elifasi Kajiru. Hakuketi mpaka kila mzee alipolirudia.

Dawa ya uvimbe aliyotundikiwa Kajiru hospitalini ilipita mwilini mwake mote, kama ile iliyomwagwa ndivani. Ilimwondolea nywele na nguvu, na uvimbe ukabaki. Basi ninyi mliosoma, ni nani kati yenu atakayeshika ungo juu ya ini la mtu?

Elifasi Kajiru alifariki kabla ya mavuno.